Nani Ananunua Vipande?

Mashine yetu ya kubangulia korosho ilitoka Vietnam. Ilifika Newala juu ya Fuso, ndani ya kasha la mbao lenye maandishi ambayo hakuna mtu mtaani kwetu aliyeweza kuyasoma, na watoto waliikimbilia kama wanavyokimbilia gari la harusi. Tulikuwa wanane tuliochanga. Ilifanya kazi siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili visu viwili vilipinda, springi ikakatika, mashine ikaanza kusaga badala ya kubangua. Wakala aliyetuuzia, mtu wa Dar es Salaam, alisema vipuri vitafika baada ya wiki tatu. Wiki tatu zikawa miezi minne, msimu ukaisha. Tukaifunika kwa turubai la bluu ubavuni mwa banda la shemeji, na kuku wakapata pa kulala.

Ningeiacha hapo kama si semina. Nilialikwa Mtwara mjini kwenye semina ya ujasiriamali, ya siku mbili, yenye projekta, daftari za bure na posho ya nauli. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye adabu, kavaa vizuri, anajua mambo. Alituonyesha picha za Singapore ilivyokuwa na ilivyo. Akaja Korea Kusini, akaja Vietnam. Kila baada ya picha alirudia kwamba tatizo letu ni fikra, tubadilishe fikra. Watu waliandika.

Akanyoosha mkono mama mmoja kutoka Tandahimba, kajifunga kanga mbili, miwani imeshikwa na uzi. Akasema, "Mwanangu, samahani. Hao wa Vietnam, vile vipande vyao nani anavinunua?"

Ukumbi ukacheka. Kijana akasema swali zuri mama, tutalirudia. Ikaja chai, na swali halikurudiwa. Mimi limenikaa kichwani hadi leo, kwa sababu kati ya yote yaliyosemwa siku mbili zile, hilo peke yake lilikuwa swali la mtu wa biashara.

Kwa msomaji asiye wa Kusini nieleze. Korosho ghafi ukiichemsha kwa mvuke na kuipasua, unatafuta kitu kimoja: itoke nzima na iwe nyeupe. Nzima ndizo zenye madaraja yanayojulikana dunia nzima. Daraja maarufu zaidi, W320, maana yake ni kwamba ratili moja inabeba korosho takriban 320. Ikipasuka katikati bei inashuka. Ikivunjika vipande inashuka zaidi. Na zitavunjika tu, hata uwe na mkono wa dhahabu. Mbanguaji wa mkono, yule mama mzoefu wa mashine ya mguu na mkono, anavunja chache. Mashine kama yetu inavunja nyingi, hasa ukimimina humo korosho ndogo na kubwa bila kuzichambua kwa ukubwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda haishi kwa nzima. Nzima zinamrudishia alichotumia kununulia korosho ghafi. Vipande ndivyo vinavyoamua kama mwisho wa mwezi atalipa watu au atazima simu.

Sisi vipande vyetu tuliviuza stendi kwenye vifuko vya nailoni, na vilivyobaki tulikula. Tulinenepa kidogo msimu ule.

Sasa Vietnam. Inafaa kujua walikoanzia, maana semina inaanzia pale walipofika. Mwaka 1975 nchi ile ilikuwa imetoka vitani imebomoka. Ilijaribu kupanga uchumi wote kutoka juu, ikashindwa, na mwaka 1986 chama kikaanzisha mageuzi wanayoyaita Doi Moi. Wakulima walikuwa wanapanda mikorosho na kuuza ghafi, tena wakimuuzia India, kama sisi tu. Katika miaka ya tisini wakaanza kubangua wenyewe. Januari 2000 ikaanza kutumika sheria mpya ya makampuni iliyofuta vibali zaidi ya mia, na mtu wa kawaida akaweza kusajili biashara bila kubisha hodi kila ofisi. Mwaka 2006 wakaipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa, na hawajashuka kutoka kileleni hadi leo.

Kinachonishangaza si kwamba wana mikorosho. Wanayo, lakini haiwatoshi hata kidogo. Sehemu kubwa ya korosho wanayobangua wanainunua nje: Cambodia, Côte d'Ivoire, Nigeria, Ghana, na kwetu. Ile korosho ya Tandahimba inayouzwa mnadani Novemba inapanda meli bandarini Mtwara, inabanguliwa kule, inauzwa Marekani na Ulaya.

Na huwezi kusema wana siri ya kiufundi. Walianza na mashine za mguu na mkono, zile zile za kina mama wa kwetu. Kisha mafundi wao wa karakana ndogo wakaanza kuchezea vyuma. Mmoja anatengeneza kisu, jirani anakiiga na kukirekebisha, wa tatu anaunganisha na mota. Wakavunja korosho nyingi sana wakijifunza. Leo wanauza mashine hizo Afrika, na hata India waliokuwa walimu wao. Mashine iliyolala chini ya turubai letu ni mjukuu wa karakana hizo. Sisi tulimnunua mjukuu, karakana zilizomzaa hatukuwa nazo.

Na jibu la yule mama wa Tandahimba? Vipande vyao vinanunuliwa na waoka mikate, watengeneza chokoleti, aiskrimu na siagi ya korosho. Maganda hayatupwi. Yanakamuliwa mafuta, yale mafuta meusi yanayobabua vidole, na mafuta hayo yanaingia kwenye rangi na kwenye breki za magari. Makapi yake yanawashwa kuchemshia korosho nyingine. Ukijumlisha vyote hivyo unaelewa kwa nini mwenye kiwanda wa kule anaweza kuja mnadani kwetu, akanunua ghafi kwa bei inayonishinda mimi niliye hatua tano kutoka shambani, akalipa meli, na bado akapata faida. Mimi maganda nilikuwa nayachoma nyuma ya nyumba. Moshi wake unawasha macho mpaka jirani anakuja kugombana.

Hapo naongelea vipande. Sijagusa fedha, na huko ndiko nilikoumia zaidi.

Korosho yetu inavunwa kuanzia Oktoba, na kufika Januari mnada unaisha. Anayetaka kubangua mwaka mzima lazima anunue chakula cha mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, taslimu. Tulipiga hesabu ya tani 20 tu, kiwanda cha kitoto. Kwa shilingi 3,000 kilo, hizo ni milioni 60. Taasisi moja ilikubali kutukopesha kwa riba ya asilimia 18, tulipe mwisho wa mwaka. Riba peke yake milioni 10 na laki 8. Kwetu kilo nne za ghafi zinatoa kilo moja ya korosho tayari, kwa hiyo tani 20 ni tani 5. Gawanya. Shilingi 2,160 imeshakaa juu ya kila kilo kabla hujamlipa hata mama mmoja wa kumenya utando, kabla ya umeme, kabla ya vifungashio. Tulikaa kimya mezani, kisha mmoja wetu akaomba tununue tani tatu kwa fedha zetu, na ndivyo tulivyofanya. Februari tulikuwa tumemaliza kazi.

Mbanguaji wa Vietnam hana mzigo huo kwa uzito ule. Korosho yake mwenyewe inavunwa kuanzia Februari hadi Mei hivi. Afrika Magharibi wanavuna miezi hiyo hiyo na kuendelea kidogo. Wakati ghala lake linaanza kuonyesha sakafu, ndipo Kusini ya Tanzania na Msumbiji tunaingia sokoni. Msimu wetu unaziba pengo lake. Ananunua ya miezi michache, anabangua, anauza, ananunua tena, na fedha ile ile inazunguka mara kadhaa kwa mwaka mahali ambapo yangu inazunguka mara moja. Kwenye projekta sikuona picha ya jambo hili. Kama ni kujifunza kutoka kwa walioendelea, mimi ningeanzia hapo, kwenye mkopo wa mali ghafi unaomfaa mbanguaji mdogo, wenye riba anayoweza kuimeza, kabla hatujaongelea fikra zangu.

Mtu ataniambia serikali ishushe bei ya ghafi ili viwanda vipumue. Hapana. Msimu wa 2024/25 bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo minadani, na niliona kwa macho yangu mabati mapya yakipanda juu ya nyumba Kitangari na Newala. Mkulima asiliwe ili mimi nibangue. Tumeshakula wakulima vya kutosha.

Hili si neno la hasira tu, lina historia. Ukitoka Newala hadi Nachingwea, wazee watakuonyesha palipopita reli. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza waliamua kulima karanga Tanganyika ili wapate mafuta ya kula. Walianza 1947, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakaleta hata vifaru vya kijeshi vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Udongo wa Kongwa ukawa kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda. Sisi tulibakiwa na bandari yenye kina kirefu Mtwara, jambo jema, na reli ambayo nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Na hao walikuwa watu wa nchi iliyokuwa imeongoza dunia kwa viwanda! Wataalamu, fedha, mashine, vyote walikuwa navyo. Mkulima wa Kigogo aliyejua mvua ya pale inaanza lini hakuulizwa.

Kisha tukarudia wenyewe. Korosho ilifika kama tani 145,000 msimu wa 1973/74. Nchi ikakopa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vikubwa vya kubangulia hadi vikafika 12. Wakati viwanda vinapanda, korosho inashuka. Watu walihamishiwa vijiji vya Ujamaa wakaacha mikorosho maili kadhaa nyuma, bei ya mkulima ilikuwa hafifu, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia kwenye maua. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vikabaki vimefungua midomo hakuna cha kutafuna. Vingine baadaye viligeuka maghala, na ndani ya maghala hayo sasa tunatunza korosho ghafi zikisubiri meli.

Mama mkubwa alifanya kazi kwenye kimoja cha viwanda hivyo. Hana uchungu navyo, ndicho kinachonichekesha. Anakumbuka king'ora cha asubuhi, sare, na chai ya saa nne. Ila nilipomuuliza mashine ikiharibika ilikuwaje, alijibu bila kufikiri: "Tulikaa chini, mwanangu, tukisubiri Mzungu." Mashine zilitoka Italia na Japani. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuzifungua.

Nikilinganisha na Taiwan ndipo ninapoona tulipopotea njia. Miaka ya sabini, sisi tukijenga viwanda 12, wao walikuwa na kampeni ya kugeuza sebule kuwa viwanda. Familia inachukua kazi ndogo nyumbani, inashona, inaunganisha vifaa vya kuchezea, inapeleka kwa mwenye karakana, naye anapeleka kwa anayeuza nje. Nani alikuwa na sebule kama kina mama wa Kusini? Kubangua nyumbani tulikujua. Jivu mikononi ili mafuta yasibabue, jiwe, kigongo kidogo, wajukuu wanamenya utando jioni. Hadi leo wapo wanaofanya hivyo Masasi, Mtama, Mikindani, na korosho zao ndizo mnazouziwa stendi zimefungwa kwenye karatasi. Kilichokosekana ni yule wa katikati, mwenye tanuri safi, mizani ya kweli na mnunuzi wa uhakika, anayekusanya za sebule hamsini zikawa mzigo mmoja wenye daraja.

Badala yake sebule zetu anazitembelea mtu wa kangomba. Anakuja Agosti, njaa imebisha hodi, ada ya mtoto inadaiwa, anakupa fedha na kuhesabu korosho yako kwa bakuli ikiwa bado ua. Sheria inamkataza, na mimi simtetei. Ila niseme ukweli wangu: kangomba ni mjasiriamali anayemjua mteja wake kuliko benki inavyomjua. Anajua nani kafiwa, anajua nani ana harusi, na analeta fedha mlangoni usiku bila fomu. Siku chama cha ushirika au benki itakapofika Agosti badala ya Desemba, yeye atatafuta kazi nyingine.

Na tusiambiwe watu wa Kusini hatuna ujasiriamali. Neno "machinga" mmelitoa wapi? Wapo wanaodai lina asili ya Kiingereza. Sisi tunawajua Wamachinga, kabila la Lindi, na tunawajua vijana waliotoka huku kwenda Dar wakati barabara ilikuwa matope na Daraja la Mkapa juu ya Rufiji bado halijafunguliwa, hadi 2003. Walitembeza mashati mkononi Kariakoo hadi nchi nzima ikamwita kila mchuuzi kwa jina lao. Fikra tunazo. Tulizipeleka Kariakoo kwa sababu huku hazikuwa na pa kushikia.

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala ardhi inapoanguka ghafla, unaona bonde la Ruvuma na ng'ambo yake Msumbiji. Ndugu zetu wa kule walipitia jambo ambalo ni somo zuri kuliko Singapore. Miaka ya tisini Benki ya Dunia iliwashinikiza wapunguze kodi ya kusafirisha korosho ghafi. Ghafi ikakimbilia India, viwanda vikubwa vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Baadaye huko Nampula walianza upya na viwanda vidogo vya kubangua kwa mashine za mikono, karibu na wakulima, na kodi ya ghafi ikapandishwa tena. Havikurudisha kila kitu. Lakini vilianza na kile ambacho mtu wa pale anaweza kukifungua kwa spana.

Basi nikarudi kwenye turubai.

Kuna fundi wa kuchomelea karibu na soko, kazi yake ni mageti na fremu za bodaboda. Nilimwita aje aione mashine. Aliizunguka mara mbili, akauliza kama akiifungua nitamshitaki. Nikamwambia afungue. Alikaa nayo siku nzima, akachora visu kwenye boksi la sabuni kwa kalamu ya risasi. Akasema korosho yenu haifanani na waliyoitengenezea hii, yenu imechanganyika, midomo ya kisu inabana mno. Kwa visu alichukua jani la springi ya Fuso iliyokufa, akalikata kwa grenda, akalinoa kwa tupa. Springi ndogo alizitoa kwenye klachi ya pikipiki. Nami nikapeleka chekeche tatu za waya, kina mama wachambue korosho kwa ukubwa kabla ya kuzimimina.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu, kati ya mia zikatoka nzima 38. Jaribio la nne, 57. Wenzangu wawili kati ya wale wanane walikuja kuangalia, wakaondoka bila kusema neno. Wa tatu alibaki akashika chekeche.

Jumamosi iliyopita mama mkubwa aliletewa kiti na sinia. Aliomba zimwagwe korosho mia kamili, akazihesabu yeye mwenyewe kabla hazijaingia. Mashine ikanguruma, ikatoa, akaanza kuchambua kwa vidole vile vyenye alama nyeusi za kiwandani, nzima kulia, vipande kushoto. Alihesabu mara mbili. Sabini na moja.

Fundi akauliza, "Kiwandani kwenu zilikuwa ngapi, bibi?"

"Sijui, baba. Hatukuambiwa tuhesabu." Akasogeza sinia la vipande mbele ya fundi. "Hii pembe, zote zimevunjikia hapa. Angalia."

Fundi akainama, akaangalia, akaomba tupa.